Jinsi ya kuandaa ukumbi wa shoo ili mwenye ulemavu aingie mwenyewe, akae na wenzake, aende chooni na arudi tena

Naandika hii baada ya kuona kosa lile lile likirudiwa msimu mzima, hapa Moshi na kule Arusha. Watu wana nia nzuri kabisa, wameweka rampu mlangoni, wameandika kwenye bango "wote mnakaribishwa", siku ya shoo hakuna aliyekuja, au kaja mmoja akaondoka wakati wa mapumziko, halafu wanasema si mnaona, hawa watu hawapendi maigizo.

Wanapenda. Mdogo wangu anatumia kiti mwendo na anapenda ngoma kuliko mimi ninayeshinda jukwaani kila wiki, lakini siku ya shoo alikuwa hanywi maji tangu asubuhi, hata uji anakataa, maana alishajua choo hatapata. Mi nilidhani ndio kawaida yake. Nilikaa muda mrefu sana bila kumuuliza na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kipimo changu humu ni kimoja tu: mtu ametoka kwake, amefika, ameingia, amekaa na aliokuja nao, ameielewa shoo, amekwenda chooni na amerudi nyumbani, bila kubebwa. Pakikatika sehemu moja, kwingine kote ulikotengeneza ni kazi bure. Na kubebwa sio ukarimu jamani. Vijana wanne wakikunyanyua mbele ya foleni nzima, nguo imepanda, watu wameshatoa simu wanarekodi, wewe ungerudi tena wiki ijayo?

Anza wiki 4 kabla ya shoo. Ukianza siku 3 kabla utapata rampu mbaya na mkalimani hutampata.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Futi ya kupimia ya mita 5, pima maji, chaki na daftari
- Mbao na plaiwudi ya milimita 18, au skwea paipu kama fundi wako ni wa kuchomelea, na skrubu za kutosha, misumari mitupu inachomoka watu wakishapita sana
- Rangi ya mafuta na mchanga mkavu uliochekechwa
- Tepu pana ya njano
- Mabomba ya chuma ya kushikia chooni, na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, kiti imara cha chuma chenye tundu katikati
- Taa moja ya chaji ambayo haitegemei umeme wa ukumbi
- Wakalimani 2 wa lugha ya alama, na nakala ya maandishi ya shoo yenu yote
- Hela ya nauli na posho ya watu watakaokuja kukagua (usiikate hii, wengi ndio wanayoanza kuikata)
- Chumba kidogo au kona yenye pazia

Hatua ya 1: Waite wenyewe wakague kabla hujanunua ubao hata mmoja

Tafuta watu 5 au 6: anayetumia kiti mwendo, asiyeona, kiziwi na mkalimani wake, mwenye ualbino, na mzazi wa mtoto mwenye usonji (otizimu). Kuwapata sio kazi ngumu kama watu wanavyosema. SHIVYAWATA ndio shirikisho la vyama vyao, viziwi wana CHAVITA, wasioona wana TLB, wenye ualbino wana TAS. Ukiwa upande wa Arusha, pale Tengeru kuna Chuo cha Ualimu Patandi kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, na Moshi tuna Shule ya Msingi Mwereni inayosomesha watoto wasioona pamoja na wenzao wanaoona. Walimu wa namna hii wanajua watu.

Wape nauli na uwalipe muda wao kama unavyomlipa fundi umeme, maana wanachokupa ni utaalamu. Tembea nao kuanzia barabarani, sio kuanzia mlangoni, uandike kila wanaposimama.

Angalizo: usikae wewe mwenyewe kwenye kiti mwendo dakika tano ukasema umeshapima. Mikono yako haijachoka, ukikwama unasimama, na ukumbi unaujua. Utaona nusu ya matatizo tu.

Ukitoka hapo daftari likawa na mambo 20 au 30 umefanya vizuri. Likiwa na mambo matatu jua wamekuonea aibu, kaa nao chini kwa chai uulize upya.

Hatua ya 2: Barabara, mtaro na geti

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka kabisa. Bajaji inashusha mtu upande wa pili wa mtaro, juu ya mtaro kuna slabu mbili zenye nafasi katikati, tairi dogo la mbele la kiti mwendo linazama humo na fimbo nyeupe inazama humo humo. Ziba nafasi hizo, au laza ubao mpana wa mita 1 na sentimita 20 uliofungwa usiteleze.

Kuanzia Machi hadi Mei masika ikishika, ule udongo mweusi wa Arusha unaganda kwenye tairi mpaka halizunguki, na mtu anayezungusha tairi kwa mikono tope lote anakuja nalo mikononi. Mwaga kokoto laini na uzishindilie sana, au tandika mbao. Kokoto kubwa zilizomwagwa tu ni mbaya kuliko tope.

Tenga sehemu ya kushukia karibu na mlango, upana kama mita 3 na nusu ili mtu afungue mlango wa gari na kiti kikae pembeni, na mlinzi aambiwe kwa jina lake kuwa hapo hakai bosi yeyote. Weka taa njia nzima, watu wanasahau kwamba kurudi ni usiku.

Hatua ya 3: Rampu ambayo mtu atapanda mwenyewe

Rampu nyingi ninazoziona ni za kupandishia pikipiki. Fundi anaangalia ngazi, anakata ubao wa mita moja na nusu, anaegesha, kazi imeisha. Mtu akipanda anarudi kinyumenyume, na akisukumwa kwa nguvu anamwagwa mbele.

Hesabu ni hii, iandike ukutani: kimo cha ngazi zote mara 12. Ngazi 3 za sentimita 15 ni sentimita 45, mara 12 unapata sentimita 540, yaani rampu ya mita 5 na sentimita 40. Ndiyo, ni ndefu. Fundi atakubishia, mwenye ukumbi atakubishia, simama hapo hapo. Kama uwanja ni mfupi ikunje kona, na penye kona weka sehemu tambarare ya sentimita 150 kwa 150 ili kiti kigeuke. Rampu ikizidi mita 9 weka tambarare nyingine katikati mtu apumzishe mikono.

Kizingiti kidogo cha sentimita 5 au 7 tu hakihitaji hayo yote, kipande cha ubao cha sentimita 60 hadi 84 kinatosha, lakini usikiache kwa kuwa ni kidogo. Sentimita 5 zinasimamisha tairi la mbele kabisa.

Mambo mengine ya rampu:

Upana usipungue sentimita 90, mita 1 na 20 ndio raha zaidi. Pembeni kote piga ubao uliosimama sentimita 7 hadi 10 ili tairi lisitoke nje. Bomba la kushikia liwe pande zote mbili, kimo kati ya sentimita 85 na 95, maana mwenye magongo na mzee mwenye magoti mabovu nao watapita hapo, na wengine wana nguvu mkono mmoja tu.

Juu kabisa, mbele ya mlango, acha tambarare ya sentimita 150. Sababu yake ni hii: mtu lazima asimame, aachie tairi, avute mlango. Kama mteremko unagusa mlango hapo hapo, akiachia tairi anarudi chini.

Sakafu ya rampu paka rangi ya mafuta na kabla haijakauka nyunyizia ule mchanga uliochekechwa, ikikauka paka koti la pili juu. Usitumie marumaru. Hata yale mabati yenye vinundu yakishapata tope yanateleza sana, nimeona mwenye magongo akianguka kwenye bati jipya kabisa ambalo wenye ukumbi walilinunua kwa moyo wote.

Kama mbele kuna ngazi 8 na huwezi, tumia mlango wa pembeni, hakuna ubaya, ila uwe na taa, uwe wazi tangu geti linafunguliwa na uwe na bango. Mlango wa kupitia jikoni au kwenye mapipa ya taka, ambao mwenye funguo ameenda kunywa soda, usiuhesabu. Mlango wenyewe uwe na nafasi ya kupita sentimita 80 kwenda juu, 90 ndio nzuri. Pima nafasi ukiwa umefunguliwa, sio upana wa fremu.

Mwenye ukumbi akikwambia haya ni matakwa yako tu, mwandikie barua kwa heshima umkumbushe kwamba kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Nimeona barua fupi ya namna hiyo ikifungua mazungumzo yaliyokuwa yamekwama.

Jaribio: mwagia rampu ndoo ya maji yenye tope, halafu yule mkaguzi wako wa hatua ya 1 apande mwenyewe kwa mikono yake, watu wawili wakisimama nyuma yake kwa usalama bila kugusa. Akifika juu, akafungua mlango na kuingia bila kurudi nyuma, rampu imekubali. Akiomba asukumwe, bado.

Hatua ya 4: Choo, kabla ya kitu kingine chochote cha ndani

Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu baada ya rampu ningeweka hapa.

Ukumbi mmoja, sitautaja, walikuwa na choo kizuri kabisa kilichojengwa kwa ajili ya wenye ulemavu, mlango mpana, mabomba, kila kitu. Mapumziko yakafika, mdogo wangu akaenda, mlango umefungwa. Funguo ikatafutwa dakika kumi. Ulipofunguliwa ndani kulikuwa na spika mbili, mifagio na kreti za soda mpaka kwenye kioo. Tukaondoka, nusu ya pili ya ngoma hatukuiona.

Kwa hiyo la kwanza ni kutoa vitu na kuondoa kufuli. Halafu sasa pima. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 90 na ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani akaziba mlango unaofunguka kwa ndani hamtamfikia. Ndani kuwe na nafasi kiti kizunguke, duara la sentimita 150. Kimo cha choo cha kukaa sentimita 45 hadi 48, karibu sawa na kiti mwendo, ili mtu ahame kwa kujivuta badala ya kupanda. Mabomba ya kushikia yafungwe ukutani kwa bolti kwenye tofali au zege, kimo cha sentimita 70 hadi 80. Likining'inizwa mtu mzima lisitikisike. Hili usimwamini mtu kwa maneno, ning'inia wewe.

Maji: jagi na bomba vifikiwe ukiwa umekaa. Ndoo iliyo kona ya mbali haimsaidii. Sakafu ifutwe kila nusu saa, magongo kwenye sakafu yenye maji ni hatari kubwa na wapo watu wanaosota kwa mikono, hiyo sakafu ndiyo wanayoishika.

Vyoo vya kuchuchumaa tunavyo vingi, na hakuna atakayevunja choo kwa ajili ya shoo moja. Pale weka kile kiti cha chuma chenye tundu, miguu yake iwe na raba chini isiteleze, kijaribiwe na mtu mzito. Sio suluhisho zuri sana ila linamwokoa mtu. Na kama hata hiyo haiwezekani ongea na hoteli jirani mkubaliane, njia ya kwenda huko nayo uikague, na useme wazi kwenye tangazo kwamba choo kiko mita kadhaa. Mtu akijua ukweli atapanga mwenyewe. Akidanganywa mara moja harudi.

Hatua ya 5: Viti

Kumbi zetu zina bahati moja ambayo majumba makubwa ya maigizo hayana, viti vyetu vingi ni vya plastiki, vinatoka. Toa viti uache nafasi ya sentimita 90 kwa 140 kwa kila kiti mwendo, chora kwa tepu sakafuni, na ubavuni mwa kila nafasi acha kiti kimoja cha aliyekuja naye. Ukumbi wa watu 150 anza na nafasi 4, wa watu 300 anza na 5 au 6.

Zitawanye. Usiwapange wote kwenye msitari mmoja kama watu waliosimamishwa kwa kesi, na usiwaweke wote mbele chini ya spika eti ndio heshima, hapo shingo inauma na sauti inawapasua masikio. Nyuma kabisa nako hapafai, ngoma ikikolea watu wanasimama na aliyekaa anabaki kutazama migongo. Ndio maana sehemu nzuri mara nyingi ni pembeni mwa njia ya katikati, theluthi ya kwanza ya ukumbi, au kwenye jukwaa dogo la sentimita 15 lenye rampu yake.

Njia kati ya viti iwe mita 1 na 20. Nyaya za saundi zisikatize njia chini, zipitishe juu ya mlango. Kama hakuna namna, zifunike kwa kibao chembamba chenye mteremko pande zote na tepu ya njano. Saa moja kabla ya geti pita tena, maana kuna mtu lazima atakuwa ameongeza viti.

Kwenye shoo za nje Arusha mwezi Juni na Julai, kumbuka anayekaa bila kucheza wala kusimama anapigwa na baridi kuliko wengine, shuka chache za Kimasai pembeni zinafanya kazi kubwa.

Hatua ya 6: Viziwi

Wakalimani wawe 2 kwa shoo inayozidi saa moja, wanabadilishana kila dakika 20 hadi 30. Mmoja akifanya peke yake masaa mawili mikono na akili vinachoka na mwisho wake viziwi wanapata nusu ya hadithi. Watafute kupitia CHAVITA, na hakikisha wanatumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Usimchukue ndugu wa mtu au mtoto wake eti anajua kidogo kidogo, yule naye kaja kuangalia shoo.

Wape maandishi yote wiki moja kabla pamoja na nyimbo, mafumbo na utani, kisha wakae mazoezi angalau mara moja. Methali haitafsiriwi papo kwa papo, wala wimbo wa Kichaga au Kimaasai ambao hata nusu ya wasikiaji hawaelewi maneno yake.

Mahali pa mkalimani: ukingo wa jukwaa, juu ya boksi asizibwe na vichwa, karibu na waigizaji kiasi kwamba jicho moja linaona mkono na jukwaa pamoja. Viti vya viziwi viwe upande huo huo, vimewekwa alama. Nguo iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi, mwenye ngozi nyeusi avae krimu au samawati, sio kitenge chenye maua, maua yanameza vidole.

Taa yake ndio kosa namba moja. Fundi taa anazima ukumbi kwa ajili ya tukio la usiku na mkalimani anapotea gizani naye. Mpe taa yake ya chaji, fundi taa asiiguse. Utajua umefaulu viziwi wakicheka wakati mmoja na wengine, au nusu sekunde baadaye. Wakicheka mwisho kabisa, au hawacheki, muulize mkalimani mapumziko kuna nini.

Sio kila kiziwi amesoma lugha ya alama, wapo waliokulia kijijini na ishara za nyumbani tu, na wapo waliopoteza usikivu ukubwani. Kama mna projekta rusha maneno ya Kiswahili ukutani, mistari miwili miwili, herufi kubwa.

Hatua ya 7: Wasioona na wenye uoni hafifu

Hii ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Saa moja kabla ya shoo wakaribishe jukwaani. Washike ngoma, vinyago, mavazi, wapime jukwaa kwa hatua. Kisha kila mwigizaji aje, aseme jina lake, anaigiza nani, amevaaje, kwa sauti ile ile atakayotumia kwenye shoo. Hapo ndipo siri ilipo, maana baadaye watamtambua kwa sauti.

Wakati wa shoo msimuliaji mmoja akae nyuma ya watu 3 au 4, anong'one kinachoonekana tu, kati ya maneno ya waigizaji na sio juu yake. "Ameingia kwa mlango wa kushoto, ameficha barua kanzuni." Asiseme "amekasirika", aseme "amegeuza uso, amekunja ngumi", kazi ya kujua kakasirika ni ya mtazamaji.

Kingo za ngazi zote na ukingo wa jukwaa piga tepu ya njano. Wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza, kwa hiyo waruhusu kukaa mbele, spotilaiti isigeuzwe kwa watazamaji, na shoo za mchana za nje ziwe na turubai juu ya watu, sio juu ya jukwaa tu. Kofia ya mtu mwenye ualbino isivuliwe getini, ile ni kinga yake.

Hatua ya 8: Taa, kelele na chumba cha utulivu

Taa za kumetameta zisizidi mara 3 kwa sekunde, zaidi ya hapo mwenye kifafa anaweza kuanguka. Kama shoo inazo, au ina moshi, milio mikubwa au baruti, iandikwe kwenye tangazo na MC aseme mwanzoni.

Kwa watoto wenye usonji na familia zao panga onyesho moja la mchana: taa za ukumbi zisizimwe kabisa, sauti ishushwe, mlango ubaki wazi, kutoka na kuingia ruksa, na mtoto akipiga kelele hakuna anayegeuka kumtazama mama yake. Kile chumba kidogo kiwe na mkeka, maji na mwanga hafifu. Kisigeuzwe stoo, tafadhali.

Hatua ya 9: Tangazo na tiketi

Picha nzuri ya bango yenye maandishi yote ndani yake, simu inayomsomea asiyeona kwa sauti mara nyingi haiyasomi vizuri. Weka picha, lakini chini yake andika kila kitu tena kwa maneno: siku, saa, mahali, bei, na nini kipo na nini hakipo. "Kuna rampu mlango wa kushoto, choo cha kiti mwendo, wakalimani Jumamosi tu, hatuna maandishi ukutani." Maneno "wote mnakaribishwa" hayamwambii mtu chochote.

Namba ya mawasiliano iwe ya kupiga, ya meseji na ya WhatsApp, maana kiziwi hatapiga simu na asiyeona pengine atapenda kutuma ujumbe wa sauti. Anayejibu awe ameuona ukumbi kwa macho yake.

Bei iwe ile ile ya wote, msaidizi aingie bure. Meza ya tiketi kimo kisizidi sentimita 80.

Hatua ya 10: Watu wa getini na MC

Kaa nao saa moja nzima siku moja kabla, sio dakika tano geti likiwa limefunguliwa.

Waambie hivi. Ongea na mtu mwenyewe, usimuulize aliyemsindikiza "huyu anakaa wapi". Mzee ni mzee, mpe shikamoo yake kama unavyowapa wengine. Usiseme "pole", hajafiwa, kaja kwenye shoo. Usishike kiti mwendo bila kuombwa, kile ni kama sehemu ya mwili wake. Asiyeona usimvute fimbo wala mkono, jitambulishe, mpe kiwiko chako akushike yeye, umwambie "kuna ngazi mbili za kushuka". Kiziwi mguse bega taratibu au simama mbele yake. Magongo hayachukuliwi kwenda kuhifadhiwa, na kumwekea mtu hela mkononi getini ni kumvunjia heshima.

MC aambiwe peke yake na kwa msisitizo: asimnyanyue mtu eti "tumpigie makofi ndugu yetu aliyejitahidi kufika". Wapo walioacha kabisa kwenda shoo kwa sababu ya maneno hayo.

Hatua ya 11: Na msanii je?

Msanii mwenye ulemavu anapanda jukwaa gani? Jukwaa la mita 1 linataka rampu ya mita 12, kumbi nyingi haziitoshi. Lishushe liwe sentimita 30, rampu inakuwa mita 3 na sentimita 60, au chezeni sakafuni kabisa watu wakae kuzunguka kama ngoma zetu zilivyochezwa siku zote. Chumba cha kubadilishia nguo nacho kikaguliwe, na stendi ya maiki iweze kushuka.

Hatua ya 12: Umeme ukikatika, hatari, na kurudi nyumbani

Jenereta inachukua muda kuwaka. Sekunde hizo za giza kiziwi hasikii MC anayesema tulieni na asiyeona hajui watu wanakimbilia wapi. Gawa watu wawili, mmoja upande wa viziwi na tochi yake na ishara mliyokubaliana, mwingine upande wa viti mwendo na wasioona. Wajue mlango wa dharura wenye rampu ni upi na ubaki bila kufuli. Fanyeni mazoezi mara moja ukumbi ukiwa mtupu, na namba ya Zimamoto, 114, ibandikwe mezani kwa fundi mitambo.

Halafu nyumbani. Shoo ikiisha saa nne usiku daladala zimeshakuwa chache na bajaji nyingi zitakataa kubeba kiti mwendo wakati wa foleni. Kubaliana mapema na madereva wawili au watatu unaowaamini, waonyeshe jinsi kiti kinavyokunjwa, wape saa kamili ya kufika. Au anzeni shoo saa kumi jioni, watu wengi zaidi ya hao watakushukuru.

Kesho yake wapigie au watumie meseji wote waliokuja, uliza wapi walikwama, andika kwenye lile daftari la hatua ya 1. Mdogo wangu swali lake la kwanza siku hizi kabla ya shoo yoyote ni kama funguo ya choo iko kwa nani. Hakikisha kwenu jibu ni kwamba hakuna funguo.